Alama Moja, Kauli Nyingi: Uhakiki wa Namna Tunavyosoma Milinganyo kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki desturi moja ndogo, ambayo imezoeleka mno hata haionekani tena kuwa desturi. Nayo ni desturi ya kuisoma alama "=" kwa namna moja tu, popote inapoandikwa. Mwalimu wa hesabu husoma "sawa na". Mwalimu wa fizikia husoma "sawa na". Mwalimu wa kemia naye hali kadhalika. Katika shule zetu za Kongo wengi husema "égale" hata pale ambapo maneno yote mengine ya sentensi ni ya Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba alama hiyo moja hubeba kauli za aina mbalimbali, kwamba Kiswahili kina maneno ya kuzitenganisha kauli hizo, na kwamba kuyaacha maneno hayo ni hasara kwa mwanafunzi.

Uchunguzi wetu haukuanzia maktabani bali nyumbani. Mpwa wetu, mwanafunzi wa shule ya msingi, alipewa zoezi lifuatalo:

8 + 4 = ... + 5

Bila kusita akaandika 12 penye nafasi. Tulipomuuliza sababu, alijibu kwamba alama ile "inatoa jibu", na jibu la nane na nne ni kumi na mbili. Je, ile tano iliyobaki? Akasema kwamba hiyo labda ni ya zoezi linalofuata. Tusimcheke. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, Falkner, Levi na Carpenter, walitoa matokeo ya swali hilohilo walilowauliza watoto wa shule za kwao: wengi mno waliandika 12, na wengine 17. Kwa hiyo kosa si la mtoto mmoja wala la nchi moja. Ni kosa la usomaji. Mtoto ameisoma alama kama amri ya kutoa jibu, ilhali aliyeiandika alikusudia kusema kwamba pande mbili zinalingana. Swali letu kama wanaisimu ni hili: je, lugha tunayomsomea mtoto huyo inaweza kumsaidia?

2. Alama ilitoka katika maneno

Inafaa kukumbuka kwamba milinganyo ilisemwa kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa kwa alama. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu chake cha aljebra kwa maneno matupu, bila alama hata moja ya aina tunazozitumia leo. Jina la kitabu hicho lina maneno mawili mashuhuri: al-jabr na al-muqabala. La pili linatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa mzizi wake tunao katika Kiswahili. Tunaposema kwamba nyumba fulani iko mkabala na soko, tunasema kwamba vitu viwili vimekabiliana, kila kimoja kikiuelekea uso wa mwenzake.

Alama yenyewe ilikuja baadaye sana. Robert Recorde, tabibu na mwanahesabu mzaliwa wa Wales, aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1557. Alieleza kwamba amechoka kuyarudia maneno yaleyale ya kutaja usawa, ndipo akachagua mistari miwili sambamba, kwa kuwa hakuona vitu viwili vinavyoweza kulingana kuliko hivyo. Kwa maneno mengine, alama ni kifupisho cha usemi. Na kila kifupisho humdai msomaji jambo moja: awe na uwezo wa kukirudisha katika usemi kilikotoka.

Istilahi ya Kiswahili, yaani "mlinganyo", imeundwa vizuri katika jambo hilo. Inatokana na kulinga, kulingana, kulinganya. Haina dokezo lolote la "jibu" wala "kutoa". Inamtaka msomaji atazame pande mbili kwa wakati mmoja, kama mtu anayetazama mizani. Ajabu ni kwamba tuna jina zuri hivyo la kitu chenyewe, lakini tunapokisoma tunalisahau.

3. "Ni" na "ndi-"

Mwaka 1919, katika kitabu chake cha utangulizi wa falsafa ya hisabati, Bertrand Russell alilalamika kwamba ni aibu kwa wanadamu kutumia neno moja kwa dhana mbili zilizo mbali kabisa: kumpa mtu sifa, na kusema kwamba kitu hiki na kile ni kimoja. Lalamiko hilo ni la haki kwa Kiingereza na kwa Kifaransa pia. Lakini msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza: ni wanadamu gani hao? Mwaka 1958 Émile Benveniste alikwisha kuonyesha kwamba katika Kiewe, lugha ya Togo na jirani zake, kazi zinazofanywa na kitenzi kimoja cha Kifaransa, "être", zimegawanywa kwa vitenzi kadhaa. Tuangalie basi lugha yetu.

(a) Mwalimu huyu ni Mkongomani.
(b) Huyu ndiye mwalimu wetu.

Tuzigeuze sentensi hizo, tukiweka cha mwisho mwanzo. Sentensi (b) haidhuriki: "Mwalimu wetu ndiye huyu." Sentensi (a) inaharibika: "Mkongomani ni mwalimu huyu" haisemi tena jambo lilelile. Katika (a) tumemtia mwalimu katika kundi kubwa. Katika (b) tumesema kwamba hao tuliodhani wawili ni mmoja. Umbo la "ndi-" (ndiye, ndicho, ndiyo, ndilo) hufunga mlango: huyu, na si mwingine. Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho wengine hukidharau kwa kukosa upatanisho wa ngeli, kimeihifadhi tofauti hii kwa uaminifu. Husemwa "ule eko mwalimu" kwa maana ya kwanza, na "ule njo mwalimu yetu" kwa maana ya pili. Neno "njo" lina kazi nyingine pia katika lahaja hiyo, lakini hii ni mojawapo ya zile zilizo wazi.

Tusivimbe kichwa, hata hivyo. "Ni" nayo huweza kutaja umoja wa vitu viwili, kama katika "Lubumbashi ni makao makuu ya Haut-Katanga", sentensi inayokubali kugeuzwa. Kwa hiyo hatusemi kwamba Kiswahili kimeepuka kabisa aibu aliyoitaja Russell. Tunasema kwamba kimempa msemaji njia ya kuiepuka akitaka.

Njia hiyo ina thamani kwa hisabati. Gottlob Frege, katika makala yake ya mwaka 1892, aliuliza kwa nini a = a ni kauli isiyotufunza chochote, ilhali a = b huweza kuwa ugunduzi mkubwa. Mfano wake ni nyota ya asubuhi na nyota ya jioni, ambazo kwa kweli ni sayari moja, Zuhura. Kwa Kiswahili tungesema: "Nyota ya asubuhi ndiyo nyota ya jioni." Hakuna msemaji hodari ambaye angesema hapo "ni sawa na". Zikiwa sawa, basi ni mbili zinazofanana. Zikiwa ni moja, hakuna cha kufananisha. Tena Lubumbashi hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa "sawa" katika lahaja yetu hutumika mara nyingi kwa maana ya "kama": mtoto husemwa kwamba anatembea "sawa baba yake". Mwalimu akisoma "sawa na", mwanafunzi wetu huweza kusikia mfano tu, wala si usawa.

4. Milinganyo ya sayansi

Tukiingia katika maabara, alama ileile inabadilisha kazi tena. Tuchukue mfano wa nchi yetu. Malakiti, jiwe la kijani ambalo Katanga inasifika kwalo, huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki. Wanakemia huandika:

Cu2(OH)2CO3 + 2 H2SO4 = 2 CuSO4 + 3 H2O + CO2

Je, tusome "malakiti na asidi ni salfati ya shaba, maji na gesi ya kaboni"? Ni uongo ulio dhahiri: kilichokuwa jiwe sasa ni maji ya buluu. Tusome "ndiyo"? Ni uongo mkubwa zaidi. Kitenzi kinachotakiwa ni "hugeuka kuwa" au "hutoa". Ndiyo maana siku hizi vitabu vingi huweka mshale mahali pa mistari miwili. Hata hivyo mistari ile haikuwekwa bure. Lavoisier, katika kitabu chake cha mwaka 1789, aliona kwamba vitu hubadilika lakini uzito wake hubaki, akalinganisha kilichoingia na kilichotoka kama mfanyabiashara anayefunga daftari. Katika mfano wetu kila upande una atomu mbili za shaba, mbili za salfa, moja ya kaboni, sita za hidrojeni na kumi na tatu za oksijeni. Basi mlinganyo mmoja una kauli mbili: vitu hugeuka, idadi ya atomu hulingana. Mwanafunzi aliyefundishwa "sawa na" peke yake hupata kauli ya pili na kuikosa ya kwanza. Aliyefundishwa "hutoa" peke yake hupata ya kwanza, kisha hashughuliki kusawazisha.

Katika fizikia mambo ni mengine tena. Kanuni inayoitwa kwa jina la Georg Ohm, aliyeitangaza mwaka 1827, huandikwa U = RI. Volteji si mkondo wa umeme, wala si ukinzani wa waya. Kila kimoja kina kipimo chake. Mlinganyo unasema kwamba ukivipima vyote vitatu katika waya usiobadilika hali, namba ya kwanza italingana na zao la namba mbili nyingine. Usomaji wenye maana ni wa sharti: "ukizidisha mkondo mara mbili, volteji nayo huwa mara mbili". Kiambishi "ki-" cha masharti na "hu-" cha mazoea vinaibeba kanuni hiyo bila taabu yoyote.

Mlinganyo maarufu kuliko yote, E = mc2, ndio uliosomwa vibaya kuliko yote. Wengi huutafsiri hivi: "maada ndiyo nishati". Lakini Einstein, katika makala yake fupi ya mwaka 1905, alisema jambo lenye kiasi zaidi: kitu kikitoa nishati, masi yake hupungua kwa kiasi hicho cha nishati kikigawanywa kwa mraba wa kasi ya mwanga. Ni kauli ya hesabu ya kilichopungua. Sisi wa Katanga tuna sababu ya kuusoma mlinganyo huu kwa uangalifu. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa kuunda bomu ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Katika mlipuko wa Hiroshima wa tarehe 6 Agosti 1945, masi iliyopungua haikufika gramu moja. Mlinganyo hutuambia ni nishati kiasi gani inayolingana na gramu hiyo. Hautuambii kwamba kila jiwe ni bomu. Hautuambii jinsi kiini cha urani kinavyopasuka, jambo lililogunduliwa miaka 33 baada ya makala ya Einstein. Wala hautuambii nani alichimba, nani aliamua, na nani alikufa. Anayesema "mlinganyo ule ndio ulioleta bomu" amefanya "hulingana na" kuwa "husababisha". Kwa kosa hilo la usomaji, lawama ya watu imebebeshwa herufi tatu.

Tutaje na kompyuta. Katika lugha ya FORTRAN, iliyotolewa mwaka 1957, mtu huweza kuandika N = N + 1. Kama mlinganyo, hakuna namba duniani inayoutosheleza. Lakini si mlinganyo, ni agizo: "N iongezwe moja." Kiswahili kina dhamira tegemezi kwa kazi hiyo, nayo ingemwondolea mwanafunzi mshangao wote wa siku ya kwanza.

5. Usemi wa kila siku

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya wataalamu. La hasha. Methali zetu zimejaa kauli zenye sura ya mlinganyo, na wenye lugha hawazisomi zote kwa namna moja. "Wakati ni mali" hatuigeuzi kusema kwamba mali ni wakati. Ni sifa, si usawa. "Polepole ndio mwendo" hufunga mlango kwa "ndio": mwendo wa kweli ni huo, na si mwingine. "Mwenda bure si mkaa bure" ni kauli ya kutolingana: wote wawili hawana kitu mkononi, na bado si sawa, kwa kuwa mmoja huenda akaokota. Nayo "haba na haba hujaza kibaba" ni jumla halisi, yenye kipimo chake, ila waliotunga hawakusema "ni". Walisema "hujaza", kwa sababu walitaka tuione kazi inayofanyika na muda unaopita.

Kinyume cha ustadi huo ni mtindo ulioenea wa kuandika kwenye kuta na mabango maneno kama "Bidii + Elimu = Mafanikio". Kauli hiyo imeazima heshima ya hisabati bila kulipa deni lake. Kama pande mbili zinalingana kweli, basi asiyefanikiwa hakuwa na bidii au hakuwa na elimu, na hakuna cha kujadili tena. Kijana mwenye diploma na asiye na kazi anahukumiwa na mistari miwili ya chaki. Kwa maneno kamili tungelazimika kusema "huweza kuleta", na hapo ukweli ungerudi.

Ipo na milinganyo ya amri. Mwaka 1993 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba zaire mpya moja ni zaire za zamani 3,000,000. Hapo "ni" haikueleza jambo lililokuwapo. Ilikuwa "iwe" iliyovaa nguo ya "ni". Na amri, tofauti na kanuni ya umeme, hudai kukubaliwa. Watu wa Kasai waliikataa noti mpya, wakaendelea kutumia za zamani. Mwaka 1998 ulikuja mlinganyo mwingine: faranga moja ya Kongo kwa zaire mpya 100,000. Mama wa sokoni aliyepima unga kwa meka katika miaka hiyo alijua vizuri kuliko wengi wetu kwamba kuna usawa wa kipimo, ambao ni meka yake, na usawa wa tangazo, ambao ni noti ya mteja wake. Hakuwahi kuzichanganya.

6. Pingamizi moja

Inawezekana kutujibu kwamba nguvu ya alama ni kuwa moja. Mwanahesabu huhamisha, hugawa na kufupisha bila kujali kama kauli ilikuwa ya sifa, ya kanuni au ya sharti. Angelazimika kuchagua kati ya "ni" na "ndi-" kila mara, asingefika popote. Tunakubali. Hatudai alama tano mahali pa moja, wala hatuombi kamati iketi kutunga istilahi mpya. Tunadai tu kwamba kuandika na kusoma ni kazi mbili. Mkono ufanye kazi kwa alama moja. Kinywa, mbele ya darasa, kichague neno. Hata x + 3 = 10 si habari bali ni swali: "Ni namba gani ambayo ukiiongezea tatu hulingana na kumi?" Mwalimu akisoma hivyo mara chache mwanzoni, x haitakuwa tena herufi ya kutisha.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha hizo nafasi ya kufundishia katika shule za msingi. Nafasi hiyo haitajazwa kwa kubandika "sawa na" mahali pa "égale". Huko ni kubadilisha sauti na kuacha ufahamu palepale.

7. Hitimisho

Turudi kwa mpwa wetu. Hatukumweleza habari za Frege wala Recorde. Tulimwomba aseme hesabu yake kwa sauti, kwa Kiswahili, naye akasema: "Nane na nne ni kumi na mbili." Tukamwuliza: "Umesema kumi, na nini?" Akanyamaza, kisha akacheka. Aliona kwamba lile aliloliita jibu lilikuwa nalo ni jumla: kumi, na mbili. Kifaransa huficha jambo hilo ndani ya neno moja, "douze". Kiswahili hulisema waziwazi kila siku, na sisi hatulisikii. Upande wa kulia wa alama haukuwa mahali pa jibu. Ulikuwa jozi nyingine ya namba, mkabala na ile ya kwanza. Kuanzia hapo aliendelea mwenyewe: kumi na mbili, tisa na tatu, nane na nne, saba na tano. Akafuta 12, akaandika 7.

Wako wanaosema kwamba lugha yetu haitoshi kwa sayansi. Katika jambo hili dogo angalau, lugha ilikuwa imekwisha kumjibu mtoto kabla hajauliza. Kilichokosekana ni mwalimu wa kuisikiliza.